Meno ya Kwanza ya Mtoto Anyonyaye

Katika nyumba za askari baba huenda doria au kozi akimwacha mtoto wa miezi mitatu, akarudi akamkuta wa miezi minane. Jambo la kwanza afanyalo ni kumwinua, kumchekesha na kumtazama kinywani. Akikuta fizi tupu, maneno huanza: maziwa ya mama hayana nguvu, mtoto wa jirani anyweshwaye maziwa ya kopo ana meno manne. Mama hunyamaza, na kesho yake chupa hununuliwa. Ukurasa huu juma hili wataka chupa hiyo isinunuliwe.

Jino halianzi siku lionekanapo. Meno ya utotoni huanza kujengeka mtoto angali tumboni, tangu wiki ya 6 hivi ya mimba, na azaliwapo huwa yamo chini ya ufizi yakingoja zamu yake. Zamu hiyo hutokana sana na urithi. Kwa hiyo baba mwenye kulalamika na amwulize kwanza mamaye mzazi yeye mwenyewe aliota meno lini. Kwa watoto walio wengi jino la kwanza hutokea karibu na mwezi wa 6, lakini aotaye mwezi wa 4 na aotaye mwezi wa 12 wote ni wazima. Aghalabu hutangulia mawili ya mbele ya chini, na ya mbele ya juu hufuata kati ya mwezi wa 8 na wa 12. Magego ya kwanza na chonge huja baada ya mwaka, na atimizapo miaka mitatu mtoto huwa na meno 20. Maziwa ya mama si sababu ya meno kuchelewa. Lakini mtoto akifika miezi 18 bila jino hata moja, hapo yafaa aonwe na mganga, kwani huenda ana upungufu mkubwa wa chakula au maradhi mengine.

Baadhi ya watoto huota ya juu kabla ya ya chini, na hilo nalo halina dhara. Msomaji wa leo ataona ni jambo dogo, lakini zamani lilikuwa jambo la kufa na kupona. Dk. David Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na mwezi huo huo akaingia katika mji wa Mwata Kazembe, kusini ya mahali palipo na Nchelenge ya leo, katika Zambia. Katika daftari zake za safari aliandika kwamba mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliuawa kwa kuhesabiwa mkosi, na kwamba itikadi hiyo ilienea nchi nyingi. Kwa Kibemba mtoto huyo huitwa chinkula. Aliandika pia kwamba watoto waliodhaniwa kuwa na kasoro za namna hii waliitwa watoto wa Waarabu, kwa kuwa Waarabu hawakuwa na itikadi hizo, na kama Mwarabu alikuwapo karibu alipewa mtoto huyo. Uhai aliupata, lakini nyumba ya mamaye aliikosa.

Sisi tusemao Kiswahili tusijione bora. Neno letu kigego, pamoja na kuwa jina la jino, lilikuwa jina la mtoto huyo huyo aliyeanza kwa meno ya juu, naye pwani aliogopwa vile vile. Livingstone amemtaja mwanamke mmoja, mke wa Sekeletu mtawala wa Wakololo, ambaye mwaka 1859 alikataa mtoto wa mtumishi wake asiuawe kwa sababu hiyo. Ni wachache, asema, waliothubutu kuwapinga watu wote kama yeye. Nami naona ujasiri huo si mdogo kuliko wa askari vitani.

Mtoto wa mwambao wa Mweru leo hauawi kwa ajili ya mpangilio wa meno. Hatari iliyobaki ni nyingine, nayo ni ya kimya zaidi: homa ya malaria kuitwa homa ya meno. Nchelenge ni mojawapo ya wilaya za Zambia zenye malaria nyingi kuliko zote, na mbu hawaishi mwaka mzima kwa sababu ya ziwa na mabwawa yake. Sasa tazameni hesabu ilivyo. Karibu na mwezi wa 6 kinga ambayo mtoto aliipata kwa mamaye kabla ya kuzaliwa huwa imepungua sana. Wakati huo huo anaanza uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia kinywani. Na wakati huo huo jino linachomoza. Homa na kuhara vikimshika, lawama yote huangukia jino, kwa kuwa ndilo lionekanalo.

Jino huleta udenda, fizi kuvimba kidogo, kulialia na kutaka kutafuna. Huenda mwili ukapata joto kidogo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya jino, wala kuhara si kwa jino. Mtoto mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo akapimwe damu, ikiwa ni hospitali ya St. Paul's pale Kashikishi au zahanati ya kambi yenu. Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, au akikataa kunyonya, msingoje mapambazuko. Anayeharisha apewe maji yenye dawa ya chumvi na sukari, na ziwa lisikatizwe.

Katika Tanzania kosa hili limekwenda mbali zaidi. Mtoto mwenye homa au kuhara hutazamwa fizi, na chonge ambazo hazijatoka huitwa meno ya plastiki, kisha hung'olewa kwa chombo kisicho safi. Watoto hutoka damu nyingi, huingiwa na vidonda, na wengine hufa. Kilichong'olewa ni jino la haki la mtoto. Polisi wasomao ukurasa huu wanaweza kulitazama hilo kwa macho ya kazi yao.

Liko swali moja ambalo akina mama huuliza kwa haya: je, mwenye meno aachishwe ziwa kwa kuwa anauma? Hapana. Mtoto anyonyapo sawasawa ulimi wake hufunika meno ya chini, na hawezi kuuma. Huuma akisha kushiba, anapocheza. Mama na aingize kidole pembeni mwa kinywa, amtoe kwa upole, aseme "basi", na baada ya siku chache mtoto hujifunza. Shirika la Afya Duniani lashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Mwambaoni Mweru ushauri huu una uzito wa pekee, kwa sababu uji wa unga wa muhogo hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Bahati njema ziwa lenyewe limetoa dawa: chisense, visamaki vidogo mfano wa dagaa, vikikaushwa, vikatwangwa laini na kukorogwa ndani ya uji pamoja na karanga zilizosagwa, humpa mtoto protini, na mifupa yake humpa chokaa ya meno.

Fizi zikiwasha, mpeni kitambaa safi kilicholowanishwa maji baridi atafune. Asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka, wala asipakwe dawa ya kutia ganzi. Jino la kwanza likitoka lifutwe kila jioni kwa kitambaa laini, na chai ya sukari isitiwe katika chupa ya kulalia.