Kabati la Mtumba Halimvunjii Bi Harusi Heshima



Leo hatuji kwa upole. Kuna maneno yanazunguka kwenye makundi ya harusi ya WhatsApp, na yametufikia mpaka huku Uwemba, kwamba bi harusi akikuta chumbani kabati lililokwisha kutumiwa na mtu mwengine basi amedharauliwa. Na mama anayempakia mwanawe rangi kitanda cha zamani eti anamtia nuksi. Tumeyasoma, tumevumilia, sasa tunayajibu.

Kwa wasiotujua: sisi ni wanawake wa Unguja na Pemba tulioletwa Njombe na kazi, za waume zetu na za kwetu wenyewe. Tunakaa kata ya Uwemba, ambako Julai maji ya kutawadhia alfajiri yanauma vidole. Tunanunua fanicha zilizotumika, tunazitengeneza, tunazipaka rangi, nyengine tunakaa nazo na nyengine tunauza. Kwa hivyo tunalolisema tumelishika kwa mikono.

Hiyo nuksi ni ipi hasa? Nyumba ya kupanga wamelala wapangaji wanane kabla yenu, mbona hakuna aliyeuliza nuksi? Dhahabu anayovishwa bi harusi ilikuwa ya bibi yake, na watu wanaisifu kwa sababu hiyo hiyo. Nguo za mitumba tunapigania Darajani, tukipata gauni zuri tunawaringia mawifi. Ikifika zamu ya kabati ndiyo tunakumbuka kwamba kitu kilichotumika kina balaa. Hiyo si dini, jamani. Uislamu ulikuja kukataza kuamini mikosi ya vitu, na mwenye kumwambia mwenzake kwamba ubao unaleta talaka ajitazame imani yake kabla ya kutazama chumba cha watu.

Mtume (S.A.W.) alipomuozesha Bibi Fatma kwa Sayyidna Ali, vyombo vilivyopokelewa katika riwaya ni nguo nene ya kujifunika, kiriba cha maji na mto wa ngozi uliojazwa majani makavu. Mahari ilikuwa deraya ya vita aliyokuwa nayo Sayyidna Ali. Huyo ni binti wa Mtume. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume anafanya nini nyumbani, katika majibu yaliyopokelewa kwake ni kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Sasa sisi wa leo tunaona haya kugonga msumari kwenye mguu wa meza uliolegea?

Lakini jambo lililotukalisha kuandika si nuksi, ni mkopo. Tunawajua akina mama, tena wenye heshima zao, waliokopa kwa riba ili chumba cha mtoto wao kiwe na seti mpya inayong'aa, kitanda, kabati na meza ya kioo, zote rangi moja kama zilivyo dukani. Wengine wamekopa kwa vikundi vya mtaani vinavyoitwa kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Wengine wamekopa kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mitandaoni bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Waliokopa huko wanajua kinachofuata: siku ya marejesho ikipita, ujumbe wa kudhalilisha unatumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako, mpaka kwa imamu na mwalimu wa madrasa wa watoto.

Hapa ndipo tunapowauliza wale wa makundi ya harusi. Riba imekatazwa katika Suratul Baqara kwa maneno makali kabisa, hakuna mwanachuoni wa kuibishia. Kabati la mtumba halikukatazwa popote. Vipi basi aliyenunua kabati la mtumba kwa fedha yake asemwe, na aliyeingia riba kwa ajili ya kabati jipya apigiwe vigelegele? Nani kati ya hao wawili ameanza ndoa ya mwanawe na jambo la kuogopwa?

Tuwape hesabu ya kabati la milango miwili tulilolitengeneza hapa. Mtumishi mmoja alihamishwa, kama ilivyo kawaida yao huuza vyombo wakiondoka, tukalichukua kwa shilingi 60,000. Msasa 3,000, puti 4,000, rangi ya maji lita moja 9,000, unga wa jipsamu 2,000, vitasa vipya 6,000. Hiyo ni 84,000. Fundi aliyekaza miguu na bawaba tulimlipa 15,000, ikafika 99,000. Kwenu bei zitatofautiana, lakini ulizeni kabati jipya la milango miwili linauzwaje, kisha mtoe jawabu wenyewe.

Na hilo jipya limetengenezwa kwa nini? Mengi ya madukani ni ubao wa MDF, ule wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Una kazi zake, hatukatai. Lakini ukilowa unavimba, na ukishavimba haurudi. Skrubu ikichomoka haishiki tena pale pale. Kwenye nyumba ya pwani yenye unyevu, na mama anayepiga deki kwa ndoo nzima ya maji, miguu ya kabati hilo inaanza kuchanua chini kama mkate uliotiwa chai.

Hata la mbao halisi lina maneno. Njombe ni nchi ya miti, misindano mpaka macho yanachoka, na mbao zake zinapita Makambako kwenda Dar es Salaam, nyengine zinavuka bahari kuja kwenu. Ila mkulima mwenye ada ya skuli mlangoni hasubiri mti ukomae. Wako wanaokata msindano wa miaka 8 au 10, unapasuliwa, mbao inapandishwa garini ikiwa mbichi. Kitanda kinachongwa wiki hiyo hiyo, miezi mitatu mbele kinalia usiku mzima na mguu umejipinda. Kitanda cha miaka ishirini iliyopita mbao yake imekwisha kukauka, ilikokuwa ipinde imepinda, ilikokuwa ipasuke imepasuka, na wewe unaiona kwa macho yako kabla hujatoa fedha. Huku kusini mafundi wengi wa zamani walipita kwenye karakana za misheni za Wabenediktini, kama ile ya Peramiho, na kazi zao utazijua kwa viungo: ubao umeingia ndani ya ubao, hakukuwa na haja ya misumari kumi.

Tunaambiwa pia kwamba tunawanyang'anya mafundi riziki. Fundi wetu wa hapa anapata kazi kila wiki kutokana na sisi, kuunga mguu, kubadilisha mgongo wa kabati, kupiga randa uso wa meza. Anayemnyang'anya riziki ni kontena la seti zilizokatwa kiwandani nchi za mbali, zinazofungwa kwa ufunguo mdogo na kutupwa zikivunjika kwa sababu hakuna fundi awezaye kuzirudisha.

Kuhusu rangi yenyewe, tunaona dada zetu wanatazama video za ng'ambo na kukata tamaa kwa sababu rangi ile haipatikani au bei yake inatisha. Ile rangi isiyong'aa inayoonekana kama chaki iliuzwa kwanza na Mwingereza Annie Sloan, mwaka 1990. Ni nzuri. Lakini kikombe kimoja cha rangi ya maji ya kawaida, theluthi ya kikombe cha unga wa jipsamu uliokorogwa kwanza na theluthi ya kikombe cha maji mpaka madonge yaishe, inakupa kitu cha jamaa yake. Koroga kidogo kidogo, maana inaganda ndani ya chombo. Juu yake paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto, ukaitoa mbali na jiko ndipo ukachanganya na tapentaini, usije ukatuletea msiba.

Kazi haimo kwenye kupaka, imo kabla ya kupaka. Osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mafuta ya mikono ya miaka kumi yatoke, acha ikauke kweli. Msasa namba 120, kisha 220. Mbao ya msindano ina vifundo vyenye utomvu, ukipaka rangi nyeupe juu yake moja kwa moja, baada ya muda doa la manjano linachomoza kama linakucheka, kwa hivyo vifunge vifundo kwanza kwa siila ya mbao yenye shelaki. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za kipupwe hatupaki kabisa, rangi ya maji haishiki vizuri kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10. Tunasubiri jua la saa tano. Nyinyi wa visiwani shida yenu ni chumvi na unyevu: toeni misumari yenye kutu, wekeni skrubu za shaba nyeupe au zisizoshika kutu, na kabati lisigusane na ukuta.

Jambo moja tunawasihi, na hapa hatufanyi mzaha. Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwenye ubongo. Kwa hivyo fanicha yenye rangi ya zamani usiipige msasa mkavu ukumbini watoto wanatambaa. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji na kitambaa kitupwe. Mwenye mimba asiifanye kazi hiyo, ampe mwengine. Kitanda cha mtoto kilichobanduka rangi ambayo hujui ilitoka wapi, kiache hata ukipewa bure.

Na si kila kitu cha zamani kinataka rangi. Tumeona picha, tukashika vichwa, za sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba limepakwa pinki. Pinki! Mninga, mvule na msaji vinataka kusuguliwa na kupakwa mafuta au vanishi, basi. Mvule uliokuwa mti wakati babu zetu hawajazaliwa haufunikwi ili ufanane na plastiki. Ukipata meza nzito na hujui ni mbao gani, kwangua sehemu ndogo chini, paka maji kidogo, mwite fundi mzee atazame rangi ya nyuzi zake. Rangi ni ya msindano, ya ubao wa tabaka, ya kitu kilichoungwa vipande vya mbao tofauti.

Tumalizie na sisi wenyewe tunaouza, maana tukiwasema watu wa harusi tukaacha jikoni kwetu tutakuwa tumepunja. Rangi inaficha. Puti nzuri na mikono miwili ya rangi vinaweza kuziba matundu ya wadudu mpaka mnunuzi asijue kwamba mguu mzima ndani ni unga. Wapo wanaofanya hivyo na kuita ni ubunifu. Kisa cha Mtume kupita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo na vidole vikakuta umande chini, kila mtoto wa chuoni anakijua, na anajua yule muuzaji aliambiwa nini. Nafaka ya juu ilikuwa kavu na nzuri, kama mlango wa kabati uliopakwa jana.

Kwa hivyo hapa Uwemba tumekubaliana hivi. Ubao uliotobolewa na wadudu unakatwa na kuwekwa mwengine, hauzibwi. Kama umebaki, unasemwa. Chini ya kila kipande tunaandika kwa kalamu ya wino usiofutika: kilinunuliwa kikiwa na kasoro gani, nini kimebadilishwa, rangi gani imepakwa na lini. Mnunuzi anapinduliwa kitu mbele yake, anasoma, ndipo tunazungumza bei. Wengine husoma wakaondoka. Mama mmoja wiki iliyopita alisoma chini ya meza ya kioo kwamba droo ya kushoto ni ya mbao nyengine, akatuteremshia shilingi 5,000, akaibeba kwa ajili ya binti yake anayeolewa mfunguo tatu.