Tahariri: Mdogo Wangu Hakulogwa

Ndugu wanaushirika, ndugu wananchi wote wa kijiji chetu,

Leo nafasi hii haitasema habari za mizani wala zamu za ghala. Hayo yameandikwa upande wa kulia wa ubao, kila mmoja ayasome. Nimeiomba kamati iniachie nafasi ya tahariri niandike habari ya nyumbani kwangu. Najua wapo watakaosema, Katibu mzima anajivua nguo mbele ya watu. Waseme. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi kwetu kimekwisha kutuumbua.

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu. Mlikuja wengi, mkachimba kaburi, mkaleta kuni na ndizi, mkalala nje kwenye baridi. Asanteni sana. Lakini pale matangani nilisikia maneno. Huyu anasema kalogwa kwa ajili ya kibanja. Yule anasema katiliwa sumu kwenye mrija. Mwingine anasema ni mapenzi ya Mungu, siku yake imefika. Mimi nilinyamaza. Ndugu zangu, kunyamaza kule kulikuwa uongo, na leo naufuta.

Mdogo wangu hakulogwa. Mdogo wangu ameuawa na pombe, tena si kwa siku moja. Imemla kwa miaka zaidi ya ishirini, sisi tukitazama.

Hospitalini daktari alitueleza kwa lugha ya kueleweka. Alisema pombe nyingi ya miaka mingi huliharibu ini, likasinyaa na kuwa gumu. Damu haipiti vizuri, basi tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya manjano, na mishipa ya kooni inavimba mpaka inapasuka. Ndiyo maana alitapika damu usiku ule. Si jini, wala si jirani. Nanyi mliyaona yale macho ya manjano tangu mwaka juzi. Hata mimi niliyaona, nikasema ni malaria.

Sasa nieleze tulivyofika huko, maana ulevi wa kwetu haukuanza naye.

Marehemu baba alikuwa na mtumbwi mkubwa wa kukamulia rubisi. Wazee wanaukumbuka. Zamani rubisi ilikuwa na adabu yake. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, unatiwa mtama, inalala kwenye mtumbwi, na kesho yake wanakuja wazee wa ukoo, wanakunywa kwa zamu baada ya kazi, wanasuluhisha mambo, wanakwenda kulala. Halafu baba akaanza kuipika ile rubisi iwe gongo. Hapo mambo yakageuka. Gongo haingoji wageni wala haingoji jioni. Mimi niliacha shule darasa la pili, kazi yangu ikawa kuchota maji ya kupozea mpira wa gongo na kupeleka chupa kwa wateja. Mdogo wangu alikuwa ananifuata nyuma. Wanywaji walikuwa wakimwita, "Hebu mpeni huyu mjukuu naye aonje." Anaonja, anakunja uso, watu wanacheka. Hata mie nilicheka. Baba alikufa tumbo limejaa maji. Tukasema kalogwa.

Nilipotimiza miaka thelathini ndipo nilipoingia kisomo cha watu wazima. Mama ndiye aliyenisukuma. Yeye alisoma wakati ule Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akajifunza kuandika jina lake chini ya mwembe. Aliniambia, mwanangu, asiyejua kusoma hutia dole gumba kwenye msiba wake mwenyewe. Nikaenda. Nikajua kusoma, nikajua kuandika, mkanichagua Katibu. Mkawa mnakuja kwangu niwaandikie barua na hati.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu.

Miaka sita iliyopita mdogo wangu alikuja na mtu wa mjini. Alitaka kuuza kahawa yake ingali maua. Sote tunaijua butura hapa Kagera. Serikali imeikataza, Ushirika umeikataza, lakini bado inatembea usiku. Mwenye shida anapewa fedha kidogo kabla ya mavuno, kisha mwenye fedha anakuja kuvuna yote. Mdogo wangu alipewa shilingi 150,000 kwa kahawa ya msimu mzima. Msimu ule kibanja chake kilitoa magunia 8 ya maganda. Magunia 3 yangetosha kulipa deni lote. Mengine yalikwenda bure.

Ile karatasi ya butura niliiandika mimi. Kwa mkono huu unaoandika tahariri hii. Nilijua fedha ile inakwenda kwenye chupa. Nilijiambia, ni mtu mzima, mali ni yake, nikikataa ataandikiwa na mwingine. Nikatia sahihi ya shahidi. Mwaka uliofuata nikaandika nyingine. Kumbe sikuwa namsaidia ndugu yangu, nilikuwa namfungulia chupa.

Siku ya kumaliza matanga, shemeji yangu alitoa karatasi hizo kwenye sanduku. Mnajua shemeji alikuwa hasomi. Miaka miwili hii amekuwa akihudhuria kisomo pale shuleni Jumanne na Alhamisi. Akasimama mbele ya ukoo, akasoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho, mpaka jina la shahidi. Kisha akasema, "Shemeji, mwandiko huu ni wako." Sikuwa na la kujibu. Wala leo sina. Nilimwomba radhi pale pale, na leo namwomba tena mbele ya kijiji kizima.

Ndugu wananchi, nayasema haya kwa sababu siamini kuwa ni nyumba yangu peke yake. Kila mmoja wetu ameandika karatasi yake. Huyu alimkopesha mlevi chupa akijua atalipwa kahawa. Huyu alimficha mumewe asionekane na wageni. Huyu alimwambia mtoto, baba yako anaumwa kichwa. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani kwetu mwaka 2006, nani alificha mgomba mgonjwa? Tulitangaziana mkutanoni, tukachoma panga kwa moto kabla ya kukata shina jingine, tukasaidiana. Mtu si mgomba, hatumng'oi. Lakini kama tuliweza kusema wazi habari ya migomba, mbona habari ya watu tunanong'ona?

Tena tujifunze kutokana na makosa yetu. Mwaka jana sisi ndugu tuliamua kumwachisha kwa nguvu. Tulimfungia chumbani, hata tone asipate. Siku ya pili akaanza kutetemeka, akaona wadudu ukutani ambao hawapo, kisha akaanguka kwa degedege. Tulimtoa mbio. Mganga wa zahanati alitukemea, na alikuwa na haki. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akikatiwa pombe ghafla, mwili unaweza kumgeuka hata akafa. Ziko dawa za kumsaidia siku hizo za mwanzo. Basi anayetaka kuacha asifungiwe ndani. Apelekwe zahanati kwanza, na aende na ndugu anayempenda, si anayemtukana.

Na gongo yenyewe tuijue. Kuna sheria tangu mwaka 1966 ya kuikataza, na tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba. Sheria zipo. Lakini chupa ya gongo haina anayeipima. Ikichanganyika na spiriti ile ya sumu iitwayo methanoli, ulimi hauwezi kuitambua. Mtu anakunywa leo, anaamka kesho anaona ukungu, tumbo linamkata, anapumua kwa shida, na asipowahi hospitali anabaki kipofu au anakufa. Msingoje apate usingizi apone. Mpelekeni.

Wapo watakaoniuliza, je, kina mama wanaopika, watakula nini? Ni swali la haki. Mjane mwenye watoto wanne hakuanza kupika gongo kwa kupenda moshi wa jikoni. Sare za shule zimetoka humo, na daftari zimetoka humo. Tukimkamata yeye, tukamwacha mwenye butura apite na gari lake, tumefanya dhuluma, hatujafanya kazi. Kwa hiyo nayatoa haya tuyajadili, si amri:

1. Hapana butura. Mimi sitaandika tena karatasi hiyo, na namwomba kila anayejua kalamu kijijini asiandike. Mwenye shida ya kweli, ugonjwa au shule, aje kwenye kamati ya Ushirika tuone namna ya kumsaidia kabla hajauza maua.

2. Siku ya malipo ya kahawa, mume na mke waje pamoja, wote wawili wasikie hesabu, na wote wawili watie sahihi. Asiyejua kusoma aje kisomo. Shemeji yangu ameonyesha kisomo kinafaa nini.

3. Vikundi vya kuweka na kukopa viwape nafasi ya kwanza kina mama wanaotaka kuacha kupika gongo, wapate mtaji wa kuku, wa mboga au wa cherehani.

4. Msibani tusinunue pombe kwa fedha ya rambirambi. Matangani kwa mdogo wangu ilinunuliwa. Mtu kafa kwa pombe, nasi tukanywa juu ya kaburi lake kwa fedha ya watoto wake. Aibu hiyo nimeibeba, na wengine mnanisaidia kuibeba.

5. Mkutano mkuu wa kijiji ujadili sheria ndogo ya saa za vilabu na ya kukataza kuwapa watoto pombe, hata ya kuonja. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo, kisha zikaidhinishwa wilayani. Tusingoje tuletewe.

Tangu mwaka 1992 vyama ni vingi nchini, na kijijini kwetu pia watu wana vyama vyao. Hilo ni sawa. Lakini ulevi hauna kadi ya chama, wala hauna dini, wala ukoo. Katika jambo hili mimi si Katibu wa mtu, ni mfiwa tu.

Namaliza kwa jambo moja. Marehemu ameacha kijana wa miaka ishirini na mmoja. Nanyi mnajua, naye alikwisha kuanza. Jioni alikuwa haonekani nyumbani. Siku ile ya kumaliza matanga wazee walimkalisha kitini pa baba yake kama mrithi, wakampa mkuki wa baba yake, kisha wakampa na kibuyu chake cha rubisi na mrija. Kijana akaupokea mkuki. Kibuyu akakirudisha. Akanigeukia akasema, "Baba mkubwa, hiki mniwie radhi. Niandikieni jina kwenye daftari la Ushirika." Wazee waliguna. Mmoja akasema kijana kavunja mila. Lakini mama yake alilia, na kilio kile hakikuwa cha msiba.

Sisemi ameshinda. Ni wiki nne tu. Alhamisi iliyopita nilimwona amesimama karibu na kilabu kwa muda mrefu, kisha akaondoka. Kuondoka kule kulikuwa kazi nzito kuliko kulima. Ukimkuta njiani usimcheke, wala usimwambie, "Kimoja tu hakiui." Kilimuua baba yake, na kilimuua babu yake. Mpe kazi, mpe salamu, mwite kwenye mpira jioni. Jina lake nimekwisha kuliandika daftarini. Ni karatasi ya kwanza niliyoiandikia nyumba ile ambayo sioni haya kuisoma mbele za watu.

Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, tukutane ghalani kabla ya mizani kufunguliwa. Mwenye hoja alete hoja. Mwenye mgonjwa nyumbani aje, asione aibu, tutakaa pembeni tuzungumze. Asiyejua kusoma asomewe ubao huu na jirani yake, mpaka mwisho.

Wenu katika Ushirika,

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji