Zilipendwa mnaposti kila siku, majina ya wenyewe mnayaacha wapi?

Kasulu mjini, jirani na stendi, kuna kijana mmoja mwenye kibanda cha simu. Anauza chaja, kava na vocha, lakini kinachomjazia watu ni kompyuta yake kuukuu. Unampa memori kadi au flashi, anakuwekea nyimbo. Ana folda ya Singeli, ya Kwaya, ya Kongo, ya Burundi, halafu kuna moja imeandikwa WAZEE. Ukiifungua hiyo unakuta Track 01, Track 02, Track 03, mpaka chini.

Siku moja akaja dada mmoja wa Kibondo, yuko safarini. Anataka wimbo ambao marehemu baba yake alikuwa anaupiga kwenye redio kaseti kila Jumapili. Jina halijui. Akaimba gitaa kwa mdomo, watu wakacheka, kijana akahangaika nayo mpaka akaipata: Track 07. Dada akanyamaza, macho yakamlenga machozi. Kisha akauliza, "Kaka, huyu anayeimba ni nani?"

"Wazee hao, dada'angu. Wa kitambo."

Basi. Mtu alitunga, akapiga, akaimba, na jina alilobaki nalo ni "wazee hao".

Msimcheke huyo kijana, maana mtandaoni mambo ni yale yale, tena kwa bando la gharama. Kila wikiendi kuna mtu anaposti klipu ya zamani, anaandika "old is gold", anaweka na emoji ya moto, laiki elfu kadhaa. Aliyeimba hatajwi. Aliyepiga solo ndiyo kabisa. Chini watu wanalia "enzi hizo muziki ulikuwa muziki", lakini ukiuliza enzi za nani, kimya.

Chukua vibonzo. Waliosoma Sani wakiwa wadogo wanamkumbuka Ndumilakuwili kama jirani yao wa mtaa wa pili. Jina lenyewe la Sani lilitoka kwa waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Aliyemchora Ndumilakuwili ni Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kwenye miaka ya ishirini. Mhusika wake anajulikana nchi nzima. Yeye mwenyewe je? Waulize watu kumi uone.

Au Lufufu. Kabla ya simu janja, sinema ya watu wengi ilikuwa kibanda umiza: benchi za mbao, jenereta linaunguruma nje, na sauti ya Lufufu inamtafsiria Rambo kwa Kiswahili mpaka Rambo anaonekana kama mtoto wa uswahilini. Wengi wanajua kumwiga. Wangapi wanajua kwamba aliitwa Derek Mukandala? Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, angalau sura na jina vilikwenda pamoja. Lufufu alikuwa sauti tu, na sauti bila jina inakuwa ya kila mtu.

Huku Kasulu na Kibondo hili linauma zaidi, kwa sababu zilipendwa za huku si zile za Dar peke yake. Redio zilikamata Bujumbura vizuri tu. Kutoka Ngara ikaja Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wakimbizi. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, na Wakongo walikuja na rumba na kwaya zao. Mtoto aliyekulia huku alisikia Kiha nyumbani, Kirundi sokoni, Kilingala kwenye kaseti na Kiswahili shuleni. Huo ndio utajiri wenyewe. Lakini wale wa Dar angalau wana watu wa kuwaandika. Mpiga gitaa wa kambini, au mama aliyeongoza kwaya, akiondoka leo kurudi kwao, kinachobaki Kasulu ni Track 11.

Kuna watakaosema, "Acha mambo mengi, muziki ni burudani, jina la nini?" Jina ni hela, kwanza. Mirabaha hailipwi kwa "wazee hao". Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambulika kwa kazi yake, na inailinda kazi hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Januari 1979. Piga hesabu: mpaka leo tungo zake si shamba la bibi. Msanii akikata kipande cha mtu bila kumtaja, anapewa hongera kwa "kurudisha ladha". Familia ya mwenye ladha haijui hata kama kuna chungu jikoni.

Jina ni heshima, pili. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja kuwa wa Dar kabisa. Alifariki Desemba 2010, lakini mpaka leo konda wa daladala anaita "Sinza kwa Remmy", na hata aliyezaliwa juzi anamtaja bila kujua.

Na Kigoma si kwamba hawajui kujitaja. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walipotoa "Leka Dutigite", wakiwemo Diamond, Linex, Mwasiti na Baba Levo, jina la ngoma lilikuwa Kiha cha wazi, na nchi nzima ikaliimba. Watu wa Kasulu siku hiyo ndio waliokuwa wanatafsiria wengine. Kumbe inawezekana.

Turudi kibandani. Yule dada hakukubali kuondoka hivi hivi. Akampigia baba yake mdogo Kibondo, akaweka simu karibu na spika.

"Shikamoo baba mdogo. Huyu ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Si Mbaraka huyo! Mbaraka Mwinshehe, wa Moro Jazz. Baba yako alikuwa hataki mtu aiguse ile kaseti."

Kijana akabonyeza Track 07, akafuta, akaandika: Mbaraka Mwinshehe. Haikuchukua hata dakika moja, na bei haikupanda.

Haya wadau, kabla hujaposti klipu nyingine ya enzi hizo, mpigie kwanza baba mdogo. Wazee wenye majibu bado wapo hewani, ila hawatakuwepo siku zote.