Waya katika mlango wa bisi: tusipitishe moto pahali pa kutokea

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani,

Safari hii sitasema juu ya vumbi la mgodi, wala juu ya maji ya kunywa, wala juu ya viatu vya kazi. Nitasema juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mnapita kando yake mara mbili kila siku, kwenda kazini na kurudi. Ni waya za umeme zinazoingia katika mlango wa bisi ndogo, ule mlango unaosukumwa pembeni na kutembea katika reli.

Mtaniuliza: munganga na waya, wapi na wapi? Ni kweli, mimi si fundi wa umeme. Nilisomea kazi ya dawa katika shule ya ufundi, na wanafunzi wa mekanika walikuwa jirani zetu katika uwanja mmoja. Kidogo ninachojua juu ya batri nilianza kukiona kwao, kingine nimekipata kwa kuwasumbua mafundi wetu wa gereji. Lakini mtu akiungua hapelekwi gereji. Analetwa kwangu.

Jioni moja ya majira ya mvua waliletwa wanne pamoja. Bisi ilikuwa ya mtu binafsi, imebeba watu wa posti ya usiku na wamama wawili waliotoka sokoni. Kijana wa mlango aliufunga kwa nguvu, kama kila siku. Taa ndogo aliyoifunga mwenye bisi ndani ya mlango, ili watu waone pa kukanyaga, ilipepesa mara mbili ikazimika. Hakuna aliyeshangaa, maana ilizoea kufanya hivyo. Baada ya muda mfupi moshi ukatoka chini ya mlango, kisha cheche, kisha mkeka wa sakafu ukashika moto. Watu wote wakakimbilia wapi? Palepale mlangoni, kwa sababu hawakujua pengine pa kutokea. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na kuingia katika reli, mlango ukafunguka upana wa kiganja ukakwama. Shofere alizunguka nyuma akafungua mlango wa mizigo, na hapo ndipo walipotokea, mmoja juu ya mwingine.

Hakuna aliyekufa. Wamama wawili na mtoto mmoja walikuwa wamevuta moshi. Wa nne alikuwa kijana, fundi wa kuunganisha vyuma, ambaye alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili akauvuta na hakuuachilia mpaka alipoona mtoto ametoka nyuma. Viganja vyake viliungua vyote viwili. Kwa wiki saba nilimbadilishia bandeji, na kila mara aliniuliza swali lilelile, kama vidole vitakunjika tena. Vimekunjika, isipokuwa viwili vya mkono wa kulia. Sasa amepewa kazi ya bohari, kuandika vyuma vinavyoingia na kutoka. Ni kazi ya heshima, lakini siyo kazi aliyoisomea.

Fundi mmoja alipoondoa ubao wa ndani wa mlango ule, alinionyesha kwa kidole. Waya ilikuwa ile ya nyumba, yenye uzi mmoja mgumu wa shaba. Ilitoka moja kwa moja kwenye batri bila fizible. Ilipita ndani ya reli ya chini, ikakanyagwa na gurudumu la mlango kila mara ulipotembea.

Wengi husema: «Ni volti 12 tu, haziui.» Neno hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huunguza. Ni kweli, volti 12 hazikutupi chini kama umeme wa kiwandani. Lakini batri inayozungusha injini wakati wa kuwasha hutoa ampere mia na zaidi. Ngozi ya waya ikichunika na shaba ikagusa bati la motokari, ampere zile zote zinapita katika waya nyembamba ambayo haiwezi kuzibeba. Inakuwa nyekundu kama waya ya jiko la umeme. Mafundi huvua pete na saa kabla ya kugusa batri kwa sababu hiyohiyo. Nimewahi kutibu kidole kilichounguzwa na pete ya ndoa iliyogusa batri upande mmoja na bati upande wa pili. Alama ilizunguka kidole chote.

Mlango wa kawaida hufunguka kwa bawaba, na waya inajikunja kidogo tu. Mlango wa reli unasafiri karibu mita moja kwenda nyuma, na waya inapaswa kuufuata. Tuseme bisi inafungua mlango mara 40 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 12,000, na kila mara waya inakunjwa ukifunguliwa na kukunjwa tena ukifungwa. Chukueni kipande cha waya ya nyumba, mkikunje hapa na hapa kwa vidole, mtaona kinakatika mara ngapi. Tena huku kwetu kuna udongo mwekundu. Wakati wa ukame unaingia katika reli na kusaga ngozi ya waya kama msasa. Wakati wa mvua unakuwa matope, na maji yanalala chini ya mlango.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa mbali hawezi kulifikiri. Bisi nyingi za mtumba tunazoziona kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako motokari hupita upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo usukani uko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunapita upande wa kuume, basi mlango ule unamshusha abiria katikati ya barabara. Hiyo peke yake imenipa kazi ya kutosha. Kwa hiyo wengine wanakata bati la upande wa pili wanatia mlango mpya. Siwakatazi, maana wanajaribu kuokoa watu wasigongwe. Lakini pale walipokata kulikuwa na waya zilizopitishwa na kiwanda kwa hesabu. Nimeona zimefungwa upya kwa kuzungusha vidole na kufunika kwa utepe. Utepe ule katika joto la kwetu gundi yake inalainika, unateleza, na baada ya majira moja shaba iko wazi.

Sasa nitoe maoni yangu wazi. Waya iliyo salama katika mlango wa reli ni ile ambayo haikupitishwa. Mnataka taa ya kuangaza pa kukanyaga? Mna haki, nami naipenda taa hiyo, kwa sababu vifundo vya miguu vilivyoteguka usiku nimevifunga vingi. Lakini ifungeni kwenye mwili wa bisi, juu ya mlango au pembeni ya ngazi. Swichi yake iwe kwenye nguzo, ile inayobonyezwa mlango ukifungwa na kuachiliwa ukifunguliwa. Hapo hakuna waya inayotembea, na taa inawaka wakati inapohitajiwa. Taa iliyo ndani ya mlango wenyewe inakwenda nyuma pamoja na mlango na kuangaza matairi. Spika za muziki nazo zina nafasi ya kutosha darini.

Bisi nyingine zimetoka kiwandani na kitu cha umeme ndani ya mlango, kama kufuli au mota ya kioo. Kiwanda kilifanya kwa namna mbili au tatu. Baadhi wanaweka vipande vya shaba vyenye springi kwenye nguzo, vinavyogusana na vipande vya mlango pale tu unapofungwa. Hivyo vinahitaji kupanguswa vumbi tu. Wengine wanapitisha waya ndani ya mnyororo wa plastiki, wenye vifundo kama uti wa mgongo, unaojikunja kwa duara moja kubwa na hauruhusu waya kuvunjika shingo. Mnyororo huo ukivunjika, shofere asikubali kuung'oa na kuiacha waya ining'inie. Afadhali akate umeme wa mlango kabisa na kufunga kufuli kwa mkono mpaka mnyororo mwingine upatikane. Na viunganishi vya rangi ya manjano katika motokari mpya visiguswe na mtu asiyefundishwa, maana mara nyingi ni vya mifuko ya hewa inayopasuka wakati wa ajali.

Na ikiwa ni lazima waya ipite, fundi aanze kwa kutoa waya ya chini ya batri, ile ya alama ya kutoa, kabla ya kugusa kitu. Atumie waya ya motokari yenye nyuzi nyingi nyembamba. Kila tundu katika bati likwanguliwe makali kwa tupa, lipakwe rangi lisishike kutu, kisha litiwe pete ya mpira. Waya ivalishwe bomba lenye mikunjo, ikae mbali na reli na magurudumu, na kabla ya kuingia mlangoni ifanye tumbo kidogo kuelekea chini, ili maji yadondoke hapo yasiifuate ndani. Ifungwe kwa nguvu kwenye mwili wa bisi na kwenye mlango, lakini katikati, pahali inapokunjika, iachwe huru. Ninaona mafundi wengi wanaifunga palepale inapokunjika, wakidhani wanaitia nguvu. Huko ndiko kuichagulia pahali pa kukatikia.

Juu ya fizible sitaki mchezo. Inakaa karibu na batri, siyo karibu na taa, kwa sababu inalinda waya, hailindi taa. Taa ya wati 5 kwa volti 12 haifiki hata nusu ya ampere. Fizible ya ampere 3 inatosha kabisa. Ikikatika, inakuambia kwamba kuna waya inayogusa bati. Mtu anayeweka pahali pake karatasi ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba amemziba mdomo shahidi.

Nazungumza sasa na wewe abiria. Taa ikipepesa mlango unapotembea, ukisikia harufu ya plastiki, ukiambiwa fizible inakatika kila mara mlango ukiwa nusu, usinyamaze kwa kuogopa kuchelewa posti. Mwambie shofere. Na kila unapopanda bisi usiyoijua, tazama mlango wa nyuma kama una mpini ndani, na kama mizigo haikuuziba.

Ikitokea mtu ameungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika mbili hazitoshi, tazameni saa. Msitie barafu. Msipake dawa ya meno, wala mafuta ya mawese, wala yai. Kila wiki ninavikwangua vitu hivyo kwenye vidonda vya watoto, na kuvikwangua kunauma kuliko moto wenyewe. Vueni pete na saa upesi kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshika katika ngozi iacheni, lengelenge msilipasue. Funikeni kwa kitambaa safi, mwili mwingine uwe na blanketi. Kidonda kinachozidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au kilicho usoni, mikononi, sehemu za siri, au cha mtoto mdogo, kije dispensari siku ileile.

Aliyevuta moshi aje pia, hata akisema ni mzima. Sponji ya viti na plastiki zikiungua zinatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na nyingine zinazovimbisha koo. Sauti ikikwaruza, au masizi yakionekana puani, msingoje asubuhi. Mmoja wa wale wamama wawili alitembea kwa miguu yake mpaka kwangu akicheka, na usiku uleule alilazwa kwa kushindwa kupumua.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wetu wa usafiri. Karatasi ya kukagua bisi zinazobeba wafanyakazi inauliza juu ya breki, matairi, taa za mbele na kizima-moto. Juu ya mlango inauliza kama unafungika, basi. Naomba iongezwe mistari miwili: je, kuna waya inayopita katika mlango, na je, ina fizible karibu na batri? Bisi za kukodi nazo zijibu maswali hayo kabla ya kupewa watu wetu.

Wakati tunangoja, shofere anaweza kufanya jaribio hili na mwenzake jioni, kukiwa na giza kidogo. Washeni kila kitu kilicho mlangoni. Mmoja ausukume mlango pole pole na kusimama kila upana wa kiganja, mwingine apige magoti na tochi atazame chini, hasa mlango ukifika nusu, maana hapo waya inajikunja kuliko popote. Kizima-moto kiwe karibu na kiti cha shofere, siyo chini ya magunia. Wakiona shaba inang'aa, watoe waya ya batri kwanza, halafu ndipo waite fundi.

Msaidizi wa mganga, dispensari ya kazi