Dereva Alikuwa Nani?

Ndugu zangu wa Morogoro,

Juzi mdogo wangu karusha kwenye grupu la familia deni la ile Noah: makosa matatu, shilingi 90,000. Chini yake mkajaza vicheko, na shemeji mmoja akamalizia, "Kaka atatuma tu." Kaka atatuma, sawa. Ila safari hii mtanisikiliza kwanza.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nahangaikia bima ya gari langu hapa Leicester, Uingereza. Oktoba 2020 kamera ilininasa nikienda maili 38 kwenye barabara ya maili 30, natoka zamu ya usiku, macho yanawasha. Barua iliyokuja haikuanza na "lipa". Ilikuja na fomu: siku ile, saa ile, dereva alikuwa nani? Mwenye gari lazima ajibu. Kunyamaza nako ni kosa. Nikajaza jina langu. Wapo wanaopelekwa darasani badala ya adhabu, lakini mimi nilishalikalia darasa hilo 2018, na halirudiwi kabla ya miaka mitatu kupita. Nikala faini ya pauni 100 na pointi tatu kwenye leseni.

Faini ilikwisha siku moja. Pointi ndizo zilizonitafuna. Kila nikikata bima naulizwa makosa ya miaka mitano, nakiri, bei inapanda. Miaka mitano nimeendesha kama mtu aliyepakia mayai.

Sasa imetimia. Kampuni yangu ikaniletea bei ya mwaka mpya kama vile hakuna kilichobadilika, maana hao hawakukumbushi jambo la kukufaa. Nikakaa na chai yangu, nikajaza maswali upya kwenye tovuti za kulinganisha bei, na penye makosa nikabonyeza "hapana". Pauni 280 zikashuka pale pale, gari lilelile, mtaa uleule. Nilikitazama kile kioo cha simu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Huko kwetu je? Tochi ikipiga, linalobanwa ni gari. Deni linakaa kwenye namba, mwenye gari anatafuta hela, na deiwaka aliyekanyaga mafuta yuko zake Kihonda anasubiri gari la mtu mwingine. Bima ndogo ya gari la binafsi ni 118,000 pamoja na VAT: analipa hiyo mwalimu mstaafu anayetii kila kibao cha 50, analipa hiyohiyo yule anayepita lori kwenye kona. Bima kubwa nayo inaanza na thamani ya gari, asilimia 3.5. Punguzo lipo kwa asiyedai fidia, ndiyo, lakini nani kamuuliza amepigwa tochi mara ngapi? Ndiyo maana ujuzi wetu mkubwa barabarani ni kumulikiana taa. Hata mimi nimemulika sana pale Mikese, msinikumbushe.

Ninachotaka ni kimoja. Faini imfuate mtu kwenye leseni yake, na wa bima waione. Mwenye leseni safi alipe pungufu hata kwenye bima ndogo. Mwenye makosa aumie miaka kadhaa, kisha akitulia asamehewe, bei ishuke. Mkimpa mtu gari, muwe mnajua mnampa nani. Mtasema soda ya trafiki itapanda bei. Itapanda! Lakini leo hatuna hata cha kuficha, maana hakuna anayetazama.

Najua mnavyosema nikishatoka kwenye grupu: huyu kaondoka, sasa anatufundisha kuendesha. Nimeondoka, kweli. Ile Noah niliinunua ili mama asigombanie daladala kwenda kliniki, na niliinunua kwa sababu mimi sipo wa kumpeleka. Kwa hiyo mnaponitumia picha ya deni, mimi sioni 90,000. Namwona mama kakaa kiti cha mbele, kashika kadi yake ya kliniki, pembeni yake mtu ambaye nimeuliza jina lake mara mbili, nikajibiwa "kijana mmoja hivi".

Hela natuma leo jioni. Nanyi nijibuni kabla ya Alhamisi, siku ya kliniki: kwenye makosa yote matatu yale, dereva alikuwa nani? Na kama ni mdogo wangu mwenyewe, aseme tu. Mama sitamwambia.