Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, nepi za kitambaa je?

Kwa miaka mingi, mama wa Tabora akiambiwa aachane na pampasi arudi kwenye nepi za kitambaa, jibu lilikuwa moja: maji ya kufulia yako wapi? Mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kilikuwa msimu wa foleni za ndoo. Nepi za kinyesi hazifuliki kwa maji ya kuhesabu dumu.

Jibu hilo limepungua nguvu. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, uliozinduliwa Januari 2021 kwa gharama ya zaidi ya Sh600 bilioni, nyingi zikiwa mkopo kutoka India, umefikisha bomba Tabora, Igunga na Nzega. Lakini ukienda dukani kwa Mangi, kinachoning'inia ni pampasi, tena zinauzwa moja moja.

Hapo kwenye "moja moja" ndipo penye ishu yenyewe. Mtoto anayebadilishwa mara tano kwa siku anamaliza pampasi zaidi ya 1,800 kwa mwaka. Nepi za kitambaa 20 hivi zinatosha kumzungusha, na mdogo wake akizaliwa anazirithi. Kwa hesabu ya mwaka, kitambaa kinashinda bila ubishi. Tatizo ni kwamba dereva wa bodaboda au mama lishe hapati hela ya mwaka, anapata ya siku. Nepi 20 zinataka fedha kwa mkupuo, pampasi inataka sarafu za leo. Ndiyo maana asiye na hela nyingi analipia njia iliyo ghali zaidi.

Maji nayo si ya bure. Tuseme kila siku zinakwenda ndoo tatu za lita 20, moja ya kufulia na mbili za kusuuzia. Hiyo ni lita 1,800 kwa mwezi, karibu uniti mbili kwenye bili. Kwa mwenye bomba uani ni jambo la kuvumilika. Kwa anayenunua kwa jirani ni hesabu nyingine kabisa, na mzigo wa kufua mara nyingi unaishia mikononi mwa mama au dada wa kazi. Wanaohubiri nepi za kitambaa huwa wanaliruka hili.

Kuna kitu cha ajabu kidogo kuhusu nguo katika mji huu. Karne ya 19, misafara iliyopita hapa ikielekea Ujiji ilitumia nguo kama fedha: merikani kutoka viwanda vya Marekani, na kaniki. Hongo ililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo. Leo pamba inalimwa Igunga, sehemu kubwa ya pamba ya nchi inasafirishwa nje ikiwa ghafi, na pampasi zinapanda kutoka pwani kwa njia ileile. Kitambaa cha kumfunga mtoto hakipaswi kuwa kitu adimu Tabora.

Je, kitambaa kweli kina nafuu kwa mazingira? Inategemea unavyofua. Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2008 ulikadiria kuwa kwa miaka miwili na nusu ya mtoto, nepi za kutupa zinazalisha takribani kilo 550 za hewa ya ukaa, na za kitambaa takribani 570. Kilichozibebesha nepi za kitambaa mzigo huo ni umeme wa mashine za kufulia na kukaushia. Ukianika nje, ukafua mzigo uliojaa na kumrithisha mtoto wa pili, uchafuzi unashuka kwa takribani asilimia 40. Isevya au Ng'ambo, kuanika kwenye kamba ndiyo kawaida.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kinyesi kinamwagwa chooni kwanza, kwa sababu cha mtoto mchanga nacho kinaeneza kuhara na minyoo kama cha mtu mzima. Nepi zinawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, zinafuliwa kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo iachwe, inafanya kitambaa kisinyonye mkojo. Kisha jua kali, si kivuli cha mwembe wala majanini. Kuna nzi, anapatikana Tanzania pia, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo, na buu lake linaingia kwenye ngozi ya mtoto. Pasi ya moto inaliua. Mvua za Novemba hadi Aprili, nepi zisipokauka vizuri, pasi ni lazima, na nepi tano za akiba zinasaidia.

Pampasi zilizotumika nazo zinakwenda wapi? Nyingine shimoni chooni, ambako zinajaza shimo haraka na kuziba bomba la gari la kunyonya. Wapo pia wazazi wanaoamini kuchoma nepi kunamdhuru mtoto aliyeivaa, basi inatupwa korongoni usiku. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 halikuzigusa, ingawa ndani zina plastiki.

Serikali nayo imewahi kutoa unafuu wa ushuru wa forodha kwa malighafi za kutengenezea nepi za watoto viwandani, ili kulinda uzalishaji wa ndani. Fundi cherehani wa Tabora anayeweza kukata na kushona nepi 20 kwa siku hanufaiki na hilo. Anachohitaji mteja wake ni kulipa kidogo kidogo, kupitia kikoba au mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ambao vikundi vya wanawake wana haki ya kuuomba.