Tuwazike Wafu Wetu Wote

 

Ninaandika kwa Wakristo wenzangu wa madhehebu yote, hasa sisi tunaokutana kila wiki kwenye jumuiya na mitaa ya usharika, kwa ombi moja tu: tuache kuwaadhibu watu kwa kuwanyima mazishi. Tuache sasa, kabla ya msiba unaofuata. Msiba ukishaingia hakuna anayepata nafasi ya kufikiri, kila mtu anashika ilivyozoeleka.

Na ilivyozoeleka tunaijua. Mtu akifariki, kabla hata turubai halijafungwa, viongozi wa jumuiya wanaitana pembeni na daftari linafunguliwa. Linatafutwa jina la marehemu: zaka alilipa mpaka mwezi gani, mchango wa ujenzi alitoa kiasi gani, kwenye sala alionekana mara ngapi, misiba ya wenzake alihudhuria mingapi. Mwenye daftari anapitisha kidole mstari kwa mstari. Ndani, mjane amekaa juu ya mkeka, kanga imemshuka mabegani, anasubiri kuambiwa kama mumewe atakuwa na misa au hatakuwa nayo. Jina likionekana lina nafasi nyingi tupu, jibu linaletwa kwa sauti ya upole kwamba marehemu hakuwa mwanajumuiya hai. Basi padre haji, anatumwa katekista. Pengine katekista naye haji, anatafutwa mzee wa ukoo anayekumbuka sala za kuzikia. Kwaya inabaki nyumbani. Vijana wanaochimba kaburi wanapokezana chepe bila kuimba, na wafiwa wanarudi nyumbani wakijua kwamba kijiji kizima kimeshasikia ndugu yao alikuwa mtu wa namna gani.

Orodha ya wanaofanyiwa hivi ni ndefu. Yumo aliyeishi na mwanamke miaka 20 bila ndoa, yumo mlevi, yumo aliyeonekana kwa mganga, yumo aliyetengwa na hakuwahi kurudi kundini, yumo binti aliyefariki baada ya kutoa mimba. Yumo pia aliyejiua, na huyu ndiye anayepata makali kuliko wote.

Ninaelewa kwa nini tumefika hapa. Maaskofu Katoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ili parokia zetu zisiwe umati wa watu wasiofahamiana. Jirani amjue jirani, amuombee, amuuguze, amzike. Kuzikana kumekuwa moyo wa jumuiya hizo. Kwa hiyo mtu anayepita nyumba ya msiba miaka nenda rudi bila kuingia hata kusema pole, siku yake ikifika watu wanauliza, na wana uchungu wa kweli. Viongozi nao wana hofu ya kweli: tukimzika kila mtu, nani atakuja jumuiya? Nani atatoa zaka? Sidharau hofu hiyo. Wengi wa viongozi hawa wanajitolea bila senti, wanatembea usiku na mvua kwa ajili ya wagonjwa wetu.

Lakini tumtazame anayeadhibiwa. Maiti hasikii. Hawezi kujitetea, wala kutubu, wala kulipa. Adhabu yote inamwangukia mama aliyemzaa, mjane, na watoto, ambao mara nyingi ndio waliokuwa wakienda kanisani kila Jumapili na kumwombea.

Tena daftari linajua nani hakuja, halijui kwa nini hakuja. Nimeona jumuiya nyingi, na chanzo kikubwa cha watu maskini kuacha kuja ni michango yenyewe. Majina yanasomwa kwa sauti mbele ya wote, fulani elfu kumi, fulani elfu tano, fulani bado. Anayesomewa "bado" mara ya kwanza anainamisha uso. Mara ya pili anaomba msamaha, anasema mahindi hayajauzwa. Mara ya tatu haji. Tungefika kwake wiki hiyohiyo na kumwambia njoo usali, mchango utajulikana baadaye, angerudi. Hatuendi. Tunaweka alama kwenye daftari, miaka inapita, na siku anapofariki alama zile tunazisoma kama ushahidi kwamba alimwacha Mungu. Tulimfukuza kwa aibu, kisha tukamhukumu kwa utoro.

Maandiko yako wazi juu ya hili kuliko tunavyopenda. Bwana wetu alipotukataza kuhukumu, hakuweka kando wasiolipa ahadi zao. Na hata Torati, ambayo tunaiona kali, ina agizo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 21 kwamba mtu aliyeuawa kwa hukumu na kutundikwa mtini asilale pale usiku kucha, azikwe siku ileile. Huyo ni mtu ambaye kesi yake imesikilizwa na hukumu imetoka. Bado anastahili kaburi. Yesu mwenyewe alikufa kama mhalifu mikononi mwa dola. Yusufu wa Arimathaya akaenda kwa Pilato kuomba mwili, na Nikodemo akaja na manemane na udi, yapata ratili 100. Wote wawili walikuwa wakubwa, wenye majina ya kupoteza. Wangeweza kungoja waone wenzao wa barazani watasema nini. Hawakungoja, maana jua lilikuwa linazama.

Kuna habari nyingine ambayo ningependa isomwe kwenye kila jumuiya mwaka huu, mwisho wa Samweli wa Kwanza. Mfalme Sauli, vitani, amejeruhiwa, anauangukia upanga wake mwenyewe. Alijiua. Na kabla ya hapo alikuwa ameshaacha njia ya Mungu, amemwinda Daudi kama mnyama, ameshakwenda hata kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Angekuwa katika daftari letu asingebaki na mstari mmoja safi. Wafilisti wakautundika mwili wake ukutani. Watu wa Yabesh-gileadi waliposikia, mashujaa wao wakatembea usiku kucha, wakamshusha yeye na wanawe, wakazika mifupa yao chini ya mti, wakafunga siku saba. Mapema katika Samweli wa Pili Daudi anawapelekea ujumbe. Huyu ndiye mwenye haki ya kulalamika kuliko mtu yeyote katika Israeli, na ujumbe wake ni wa baraka: anawabariki kwa wema waliomtendea bwana wao kwa kumzika. Hakuwauliza Sauli alikufaje. 

Sasa hili la kujiua, kwa sababu hapa ndipo tunapoumiza wengi. Katika jamii kadhaa za kwetu aliyejiua huzikwa haraka, pengine usiku, mbali na makaburi ya wenzake, na mti aliojinyongea hukatwa. Mila hizo zina umri mkubwa kuliko makanisa yetu. Kinachonisikitisha ni kwamba makanisa yalipokuja yaliziongezea muhuri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataja waliojiua kwa makusudi kati ya wasiopaswa kupewa mazishi ya kanisa. Lakini sheria mpya ya mwaka 1983 imewaondoa katika orodha hiyo. Imepita zaidi ya miaka 40! Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi makubwa ya akili, uchungu na hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu aliyejiua, na kwamba Kanisa linawaombea watu hawa. Na bado kuna vijiji ambako mama anaambiwa kwa jina la Kanisa kitu ambacho Kanisa lilikwisha kukiacha.

Niseme na hili kwa Wakatoliki wenzangu, maana linachanganywa sana. Kanuni ya 1184 ya sheria hiyo ya 1983, inayotaja wanaoweza kunyimwa mazishi ya kanisa, ni fupi: walioiasi imani waziwazi, wazushi na waliofarakana na Kanisa wanaojulikana, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo kwa waamini. Hata hao, wakiwa wameonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Pakiwa na shaka, shauri linapelekwa kwa askofu. Deni la zaka halimo. Daftari la jumuiya halimo. Ndugu wa madhehebu mengine mna katiba na miongozo yenu, na ninawaomba muisome wenyewe kabla ya kuamini kwamba inasema kile mnachoambiwa msibani.

Wapo wanaoniuliza: tukimzika aliyejiua kwa heshima, hatuwafundishi vijana kujiua? Swali hili ni zito na linastahili jibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwamba ni moja ya sababu kuu za vifo vya vijana. Hakuna kati yetu anayetaka kuongeza hata mmoja. Lakini fikirini kijana mwenye sonona aliyesimama nyuma kabisa kwenye mazishi hayo, anasikia mhubiri akisema marehemu yuko motoni, anasikia kina mama wakinong'ona. Atamwambia nani kinachomsumbua? Amekwisha kusikia tutakavyomwita. Kumzika mtu kwa heshima hakumaanishi kusifu alichokitenda. Mhubiri anaweza kusema tumepata hasara, tunasikitika, na yeyote anayepita katika giza hili aje leo, baada ya mazishi, tukae naye, twende naye hospitali. Maneno hayo yanaokoa mtu. Hukumu inamziba mdomo. Sheria zetu nazo zinamziba: hapa Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, wakati kwa wenzetu wa Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama yao Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kinachofanana na hicho, kinakiuka Katiba. Mtu aliyenusurika anahitaji daktari, na tunampeleka polisi.

Haya ya kuhukumu wafu tumeshayapitia, na tunajua yalitugharimu nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla watu hawajajua ni ugonjwa gani, waliuita Juliana, jina la nguo zilizovushwa kutoka Uganda. Baadaye ukapewa majina mabaya zaidi, na waliokufa nao wakasemwa kwamba wamejitakia. Watu walisimama makaburini wakihesabu dhambi za marehemu aliyekuwa hajafukiwa. Matokeo yake walio hai wakajificha. Hawakupima, hawakusema, wakawauguza wagonjwa wao gizani. Palipopatikana masista, wachungaji na majirani walioosha vidonda na kuzika bila kuuliza, hapo ndipo watu walipoanza kujitokeza.

Kwa hiyo ninaomba tufanye mambo haya pamoja, maana mtu mmoja akiyafanya peke yake ataitwa mkorofi.

Wiki hii, kwenye sala ya jumuiya, mmoja wetu aombe ajenda: tutawazikaje wenzetu? Tukubaliane, na katibu aandike, kwamba daftari la michango halitafunguliwa kwenye nyumba ya msiba. Deni la marehemu lifutwe siku anapofariki. Wanaokosa kuonekana wiki tatu wafuatwe na watu wawili nyumbani kwao, wasiende na risiti. Majina ya wasiotoa yasisomwe hadharani tena. Haya hayahitaji kibali cha jimbo wala dayosisi.

Wanakwaya, nendeni. Hakuna anayeweza kuwakataza kuimba nyumbani kwa jirani yenu. Vijana wa kuchimba kaburi, chimbeni lile kaburi kwa kina kilekile mnachochimbia wazee wa kanisa. Washereheshaji wa misiba, msitangaze namna marehemu alivyokufa, na sisi wengine tusisambaze picha zake kwenye makundi ya WhatsApp. Kiongozi anayepata taarifa ya msiba wenye utata ampigie padre au mchungaji mapema, siku hiyohiyo, amweleze kwa ukweli, kwa kuwa mapadre wengi hukataa kwa sababu ya walichoambiwa na sisi. Padre akiwa na shaka, wazee wawili wafunge safari naye kwa askofu. Kanuni yenyewe imeuacha mlango huo wazi. Na hata pale ibada kamili itakaposhindikana, wanajumuiya wote wawepo, waketi na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe.

Kisha kuna wale tuliokwisha kuwakataa. Kila kijiji kina makaburi kama hayo, na kila mmoja wetu anajua nyumba iliyoacha kuja kanisani tangu siku ile. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, haiko mbali kamwe. Twendeni kwenye nyumba hizo kabla ya siku hiyo, tuombe radhi, tuulize jina kamili la marehemu, tulipeleke parokiani liandikwe katika orodha ya wanaoombewa pamoja na majina ya ndugu zetu. Sadaka ya misa hiyo itolewe na jumuiya.